Wakunja Mashuka Wawili

Chumba cha kufulia cha ile hospitali kuu kilikuwa na mashine nne za kufulia, tatu za kukaushia na moja ndefu ya kunyooshea mashuka kwa mvuke, na zote zikiwashwa hakuna aliyesikia alichoambiwa. Ukitaka kumwita mwenzako ulipiga meza kofi. Ukitaka kumwambia neno ulimgeukia, ukaliumba kwa midomo bila kupoteza pumzi, naye akalisoma usoni mwako. Mgeni akiingia alidhani ameangukia kundi la watu wanaotafuna kitu na hawataki kumkaribisha. Baada ya miezi sita na yeye alikuwa anatafuna.

Humo ndimo mwanamke aliyeitwa Kimya alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa. Jina hilo alilipata siku ya kwanza, msimamizi alipomuuliza mara tatu anaitwa nani, na mara ya tatu akakata tamaa akaandika namba yake tu. Wenzake walimtania kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Wakausubiri huo mshindo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, mpaka wakachoka. Alikuwa mwembamba, mrefu wa mikono, na mikono hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye mashuka.

Sasa shuka la kitanda cha hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Upande wa pili alisimama Redio, na huyu jina lake linajieleza. Alizungumza tangu anavaa aproni asubuhi mpaka anaivua jioni, kwa sauti pakiwa na utulivu, kwa midomo pakiwa na kelele. Alitangaza nani kapata mjukuu, nani kahama nyumba, daktari gani kavaa viatu vinavyombana na anajikaza kisabuni. Debe tupu haliachi kuvuma, walisema waliomwonea wivu, lakini debe la Redio halikuwa tupu. Ndiye aliyempokea Kimya, akamfundisha kushika pembe, kusoma midomo, na kujiweka mbali na msimamizi kila Jumatatu asubuhi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shuka lilitoka kwenye mashine likiwa moto, kila mmoja akadaka pembe mbili. Wakalivuta likakakamaa, wakapiga hatua tatu kuelekeana, mikono ikakutana, pembe zikakabidhiwa. Redio akainama kuokota lile kunjo la chini, wakarudi nyuma, wakakutana tena. Shuka moja lilikuwa na kukutana mara tatu, na kwa siku mashuka yalipita mia tatu. Mikono ya wanawake hawa wawili ilikuwa imekutana mara nyingi kuliko ya watu wengi waliofunga ndoa.

Na kila walipokutana mara ya kwanza kwenye shuka jipya, Kimya aliinamisha kichwa kidogo na kumwombea mtu atakayelilalia.

Mazoea hayo yalianza mwezi wake wa pili kazini. Mwanawe wa kike alilazwa wodi ya watoto, akiwa na homa iliyogoma kushuka, na Kimya alipoketi kando ya kitanda aliliona kunjo la pembe ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelipiga asubuhi. Alilijua kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Mtoto alipona. Tangu siku hiyo hapakuwa na shuka lililokuwa kitambaa tu. Ombi lilikuwa fupi, maana hatua tatu ni fupi: Bwana, atakayelalia hili umshike, asiogope. Mashuka ya wodi ya wazazi yalikuwa na utepe wa kijani, hayo aliyasemea mama na mtoto. Ya chumba cha upasuaji aliyasemea mikono ya daktari. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Aliona zile kelele zimemjengea chumba cha peke yake, kimefungwa mlango, yeye na Mungu wake.

Watu hudhani kazi ya Mungu duniani inafanywa na wenye maikrofoni. Kimya naye alidhani hivyo, na hapo ndipo taabu ilipomkuta.

Jumapili moja mwinjilisti wa kanisa lao, kijana mwenye sauti ya kuamsha mawe, aligawa kadi nyeupe kwa kila mshirika. Alisema ni Wiki ya Mtu Mmoja. Kila mtu aandike jina la mtu mmoja anayemfahamu kwa karibu ambaye hajawahi kumwambia habari za Yesu. Siku saba, amwambie. Jumapili ijayo asimame naye mbele ya kanisa.

"Na usipomwambia," alisema, akateremka ngazi mbili za madhabahu, "akaondoka, akaenda zake bila kusikia, wewe uliyekuwa karibu naye utamjibu nini Mungu?"

Wengine walisema amina. Kimya alihisi kama mtu kamshika kola. Aliandika kwenye kadi neno moja: Redio.

Maana Redio alikuwa anastaafu Ijumaa hiyo. Jumamosi angepanda basi kwenda kuishi kwa bintiye, mwendo wa siku mbili. Miaka kumi na tisa uso kwa uso, na Kimya hakuwahi kumtamkia jina la Yesu. Redio mwenyewe hakuwa mtu wa kanisa. Akiulizwa alijibu, "Dini yangu mimi ni kuamka mapema."

Nyumbani, mume wa Kimya, fundi viatu mwenye karakana mlangoni pa nyumba yao, aliisoma ile kadi akaigeuza. Nyuma yake zilichapwa hatua nne za kumwelekeza mtu kwa Kristo: Mungu anakupenda. Umetenda dhambi. Yesu alikufa na kufufuka kwa ajili yako. Mpokee.

"Mke wangu," alisema, gundi ikiwa bado vidoleni, "umhubirie Redio? Utapata wapi nafasi? Hata malaika Gabrieli angepanga foleni."

"Usinicheke, Baba."

"Sikucheki, nakuonea huruma. Haya, mimi ni Redio. Anza."

Kimya akavuta pumzi. "Mungu a—"

"Ehe, unajua yule nesi wa zamu ya mchana? Juzi kapanda ngazi na kiatu kimoja, kingine mkononi, nikamwambia mwanangu utavunjika..." Alimwaga maneno mpaka Kimya akacheka akamrushia kitambaa cha kung'arishia viatu. Lakini alipoacha kucheka jiwe lilikuwa palepale kifuani. Alizikariri hatua nne huku akiosha vyombo, mpaka zikawa zinamjia zenyewe kama namba ya simu.

Jumatatu alishindwa kabisa. Redio alikuwa anaeleza vigae vya nyumba ya bintiye, chumba baada ya chumba, na saa tisa walikuwa hawajatoka jikoni.

Jumanne aliamua liwalo na liwe. Kwa kuwa hapakuwa na wakati mwingine, angelisema neno vipande vipande, kila wanapokutana. Shuka la kwanza likatoka. Hatua tatu.

"Mungu anakupenda," akaumba kwa midomo.

Redio akapokea pembe, akarudi nyuma, akavuta, akarejea. "Nani?"

"Mungu."

Nyuma hatua tatu, mbele hatua tatu. "Amefanyaje?"

"Anakupenda."

Redio akamtazama kama mtu anayeangalia kama mwenzake ana homa. Shuka la pili. Kimya alijua akisita atakwama, akairukia hatua ya pili kama anavuka mtaro. "Lakini umetenda dhambi."

Redio akasimama. Pembe zikamlegea mikononi.

"Mimi? Nimetenda nini?"

Kimya akafungua mdomo, hatua ya tatu ikiwa ulimini. Redio hakungoja. Midomo yake ilienda mbio na uso umemwiva. "Kama ni ile sabuni ya idara, niliirudisha! Kipande kile kilibaki mfukoni mwa aproni kwa bahati mbaya, nikakirudisha kesho yake asubuhi. Nani kakwambia? Kakwambia yule wa meza ya foronya?"

"Siyo sabuni, Dada..."

Lakini mashine ya kunyooshea haina habari na dhambi ya mtu. Ilikuwa imetema shuka la tatu, la nne na la tano, na yote yakajikusanya sakafuni kama matumbo ya ng'ombe. Msimamizi akaja akapiga meza makofi mawili, maana yake ni aibu kwa watu wazima. Mashuka yalirudishwa kufuliwa upya. Siku nzima iliyobaki Redio alikunja akiangalia ukutani.

Hilo ndilo lililomtesa Kimya njiani kurudi nyumbani. Amemwambia mwenzake kwamba Mungu anampenda, kisha kwamba ni mwenye dhambi, kisha akamwacha hapo hapo, katikati ya mto. Hatua ya tatu, ambayo ndiyo yenye habari njema yenyewe, haikutoka mdomoni. Ingekuwa nafuu asingesema kitu.

Jumatano Redio alinyamaza. Wafuaji wakapita mmoja mmoja kumchungulia. "Redio, betri zimeisha?" aliuliza yule wa foronya. Redio hakumjibu. Walikunja mashuka mia tatu na kumi bila neno, na Kimya kila walipokutana alipanga midomo aseme hatua ya tatu, akauona ule uso, akakosa nguvu. Saa sita alikwenda chooni akalia, akanawa, akarudi. Alhamisi Redio hakuwepo kabisa: aliitwa ofisini kujaza fomu za kustaafu, na zile fomu zikala siku.

"Kesho ndiyo mwisho," Kimya alimwambia mumewe jioni ile. "Nimemharibia Mungu kazi yake."

Fundi viatu alikuwa anang'oa kisigino cha kiatu cha mtu. Hakuinua kichwa.

"Miaka yangu yote sijaletewa kiatu ambacho hakijatembea," alisema. "Kila kinachofika mikononi mwangu kimeshapitishwa njia ndefu na mtu mwingine. Mimi napiga msumari mmoja, kinaendelea. Wewe unadhani Mungu alikuwa amekaa miaka sitini anakungoja wewe ndipo amwanze Redio?"

"Wewe unasema hivyo kwa sababu kadi hii hukuiandika wewe."

"Ni kweli," alisema mumewe, akacheka. "Lete huo msumari."

Ijumaa, kama kila Ijumaa, mashine zilizimwa saa nane ili rola zisafishwe. Ukimya wa chumba kile huwa unauma masikio mwanzoni, kama mtu katoka majini. Wenzao wakakimbilia ofisi ya msimamizi kupanga soda na keki za kumuaga Redio. Lilibaki bunda moja la mashuka ya wodi ya wazazi, limekauka lakini halijakunjwa.

"Wewe," Redio akamwita Kimya, kwa sauti. "Njoo tumalizie haya. Sitaki kuacha kazi yangu sakafuni."

Wakakunja matatu. La nne, walipokutana, Redio hakuziachia pembe.

"Mdogo wangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, Dada."

"Basi mbona umeacha kuyaombea mashuka?"

"Mashuka... gani?"

"Haya! Tangu Jumanne hujaliombea hata moja." Redio akaweka kiganja wima kati ya pua zao mbili. "Miaka kumi na tisa uso wako uko hapa. Hapa! Ulidhani natazama nini, dari? Na nani aliyekufundisha kusoma midomo katika chumba hiki, kama si mimi?"

Kimya akaketi juu ya bunda. Kila siku ya Mungu alikuwa anauliza kwa midomo saa ngapi, sabuni iko wapi, toroli la nani, na kila siku akasomwa na kujibiwa. Na kila siku alipoinamisha kichwa kidogo kumsemesha Mungu, akajiona amefichika, kama mtoto anayefumba macho akadhani haonekani. Katika nyumba nzima ya wasoma midomo yeye alikuwa anaomba kwa midomo.

"Mwanzo nilidhani unahesabu," Redio aliendelea, akaketi naye. "Nikasema, ah, mwenzangu mwangalifu. Halafu nikadhani unatusonya chinichini. Nikakukazia macho nipate ushahidi nikusute mbele za watu. Ndipo nikasoma: umshike, asiogope. Nikageuka nyuma kuangalia unasema na nani. Hapakuwa na mtu."

"Dada, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie uache? Ninavyokujua, ungeacha! Ungeona aibu, ukaanza kuomba umefunga mdomo kama mfuko." Akashusha sauti, jambo ambalo Kimya hakuwahi kulishuhudia. "Unakumbuka mwaka ule nilipopasuliwa tumbo? Walinilaza huko juu. Mimi ninavyojua kuongea, siku ile ulimi ulinikauka. Nililala ubavu, nikaona pembe ya shuka. Kunjo letu. Nikasema, kumbe hili nalo limeshasemewa. Nikasinzia kabla hata ya kuchomwa sindano ya usingizi."

Kimya akashika pembe ya lile shuka, akaibana kiganjani.

"Niliporudi kazini, ukisema lako na mimi nasema langu, moyoni. Sijui maombi. Nilikuwa nasema tu: na mimi nasema hivyo hivyo. Kama karani, ninagonga muhuri. Wewe unaandika barua, mimi nagonga muhuri, barua inakwenda." Akajifuta pua kwa aproni. "Sasa Jumanne barua zikakatika. Badala yake ukaniambia nina dhambi. Nikasema basi, huyo anayezungumza na Kimya amenichoka. Amemtuma aniage."

"Hapana! Hapana, Dada, hapana." Kimya alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mikono yake mirefu ikamshika Redio mabega yote mawili. Akamweleza yote: kadi, hatua nne, mwinjilisti na ngazi zake, mumewe aliyejifanya Redio, hatua ya tatu iliyokwama. Alisema mengi katika dakika tano kuliko alivyokuwa amesema mwaka mzima.

Redio alicheka mpaka akashika ubavu. "Kwa hiyo huyo Mtu Mmoja ni mimi! Ukaniacha na dhambi zangu mkononi, siku tatu! Nimelala nawaza sabuni!"

Kitu kikamwachia Kimya kifuani. Hakikupungua tu, kilimwachia, kama pindo la nguo linapochomoka kwenye mlango uliokuwa umelibana. Wiki nzima alijiona yeye ni daraja pekee, na daraja limevunjika. Kumbe Mungu alikuwa ameshavuka zamani. Alikuwa anapita katika shuka moja hadi jingine, hatua tatu mbele, hatua tatu nyuma, na hakumwomba Kimya kibali. Na kile alichokiona ni siri yake ya unyonge, kile asichokihesabu kuwa mahubiri kwa sababu hakikuwa na sauti, ndicho Mungu alichokituma. Kama kuna waumini popote wanaolala na mawe vifuani kwa kudhani wokovu wa dunia umening'inia kwenye ufasaha wao, wangekuwepo chumbani mle waone uso wa mwanamke yule.

"Lakini usijipongeze," Redio alisema, akamnyooshea kidole. "Kuna kitu midomo yako haijawahi kuniambia. Mimi huyo Bwana wako namjua kama jirani wa ghorofa ya juu. Nasikia viti vinasogezwa. Najua yupo, najua ni mpole. Uso sijauona. Amekufanyia nini hata umsemeshe mara mia tatu kwa siku? Haya sema. Mashine zimezimwa."

Ile kadi ilikuwa mfukoni mwa aproni ya Kimya. Hakuitoa.

"Unajua mashuka ya chumba cha upasuaji yanavyokuja," alianza, polepole. "Hakuna anayeyashika bila glavu."

"Hayupo."

"Yesu alitushika bila glavu. Ndiyo hadithi yenyewe, Dada. Watu waliokuwa wanakwepwa njiani, aliwagusa. Alikula kwao. Yale yetu machafu, mpaka yale unayolala ukiyawaza, alijitwisha yeye, akafa nayo kama ni yake. Wakamvika nguo za kuzikia, wakamfunika kichwa kwa kitambaa, wakamweka kaburini, wakafunga kwa jiwe."

"Akaishia hapo?"

"Siku ya tatu asubuhi walikuta jiwe limeondolewa. Mwili haupo. Nguo zipo. Na kile kitambaa cha kichwani kilikuwa kimekunjwa, kimewekwa peke yake kando."

Redio akainua mkono kumsimamisha. Macho yalimtoka.

"Kimekunjwa?"

"Kimekunjwa."

"Siyo kimetupwa? Siyo kimeviringishwa hovyo?"

"Kimekunjwa, Dada. Ndivyo ilivyoandikwa."

Redio akalitazama lile shuka la utepe wa kijani mapajani mwake, akapitisha kidole kwenye kunjo kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine.

"Basi hakuibwa," alisema. "Mwizi hakunji. Mwizi anabeba na nguo zake anakimbia. Kukunja ni kazi ya mtu asiye na haraka. Mtu aliyemaliza zamu." Akatikisa kichwa. "Miaka thelathini na mbili nakunja, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba alikunja."

"Nilipaswa kukuambia mimi."

"Ulipaswa, ndiyo," Redio alisema bila kumwonea haya. "Umeniambia sasa. Haya, hiyo ya nne inasemaje, ya kumpokea? Mtu anafanyaje?"

"Unamwambia tu."

"Kwa midomo? Mimi yako ya kimyakimya siiwezi. Nikisema naye nitasema kwa sauti, anivumilie."

"Anavumilia."

Redio akasimama, akakaza aproni kama mtu anayekwenda kwa mkubwa. "Bwana wa Kimya," alisema, na sauti ikazunguka chumba kizima, ikapiga kwenye mashine zilizolala. "Ni mimi, wa pembe za upande wa pili. Muhuri nimegonga miaka mingi bila kukujua, sasa nimekujua. Ile sabuni nilirudisha. Yale mengine sikurudisha, na mengine hayarudishiki, unayajua, nakuomba uyachukue. Nakwenda kwa binti yangu, mbali. Twende wote. Ndiyo hivyo."

"Amina," alisema Kimya.

"Ndipo inapokaa? Amina."

Mlangoni walisimama msimamizi na yule wa foronya, wamekuja kuwaita kwenye soda. Wa foronya alikuwa ameshika chupa mbili na amesahau kwa nini.

Saa kumi jioni wale wawili walitoka getini wakiwa na mfuko wa keki iliyobaki. Njia ya kwenda kituoni si ndefu, lakini Redio alikuwa na maswali ya miaka kumi na tisa, na aliyatoa kama mtu anayefungua sanduku. Tatizo ni masikio. Miaka ya mashine ilikuwa imeyafanya mazito, na barabarani, wakitembea ubavu kwa ubavu, midomo haikusomeka.

"Sema kwa nguvu!" Redio alipiga kelele. "Nani aliyekuwa wa kwanza kukiona hicho kitambaa?"

"Waliolikuta kaburi wazi kwanza ni wanawake!" Kimya akajibu, na akashtuka kwa sauti yake mwenyewe.

"Nani?"

"Wanawake, Dada! Wanawake! Walikwenda mapema asubuhi!"

"Nilijua! Nilijua ni watu wa kuamka mapema! Halafu wakamwambia nani?"

"Wanaume!"

"Wakaamini?"

"Hawakuamini! Walisema ni upuuzi!"

Redio akasimama katikati ya njia akapiga makofi kwa kicheko. Watu kwenye foleni ya basi walikuwa wamegeuka wote. Wiki iliyopita Kimya angetamani ardhi immeze. Sasa alisimama, mikono yake mirefu ikiwa hewani, akieleza jinsi wawili kati ya wale wanaume walivyokimbia kwenda kuhakikisha, na mmoja akamshinda mwenzake mbio. Jumapili angesimama mbele ya kanisa peke yake, mwinjilisti amuulize atakalo. Halikumsumbua hata kidogo. Basi la kwanza likaja, likaondoka. Wala hawakuliona.

"Samahani, mama," alisema mwanamume mmoja kwenye foleni, amevaa ovaroli lenye madoa ya rangi za ukuta, mkononi ameshika ndoo ya brashi. "Huyo aliyeshinda mbio aliingia, au aliishia mlangoni?"

Kimya akamtazama Redio. Redio akapiga hatua pembeni, akampisha yule fundi rangi nafasi kati yao.

"Sogea, kaka, huko uliko hutasikia vizuri," alisema. "Kimya, rudia tangu mwanzo. Na upaze sauti."